Jalada Halionekani, Dokezo Limekwama: Utatuzi wa Matatizo Ofisi Inapohamia Masjala ya Kielektroniki

Wiki za kwanza baada ya ofisi kuhamia mfumo mpya wa kumbukumbu, simu zinazoingia kitengo cha TEHAMA huwa na maneno yale yale: "Mfumo umegoma." Fundi akifika, mara nyingi anakuta mfumo unafanya kazi vizuri tu. Shida ni jalada lililofunguliwa mara mbili tangu enzi za karatasi, au dokezo (maelezo ya kikazi yanayoandikwa ndani ya jalada) lililotumwa kwa mkurugenzi aliyehamishwa mwezi uliopita, au barua iliyoandikishwa kwa namba yenye herufi O badala ya sifuri. Masjala, yaani ofisi inayotunza majalada, imehamia kwenye kompyuta pamoja na tabia zake zote. Ndiyo maana mwongozo huu utakurudisha masjala mara nyingi kuliko utakavyokupeleka kwa fundi.

Umeandikwa kwa watunza kumbukumbu, makatibu muhtasi na maofisa wa ofisi za umma Tanzania, iwe mnatumia e-Office ya Mamlaka ya Serikali Mtandao au mfumo wa taasisi yenu wenyewe. Majina ya vitufe yatatofautiana, matatizo hayatofautiani sana. Chini ya kila dalili, sababu inayokutwa zaidi ndiyo ya kwanza, na ukaguzi mwepesi unatangulia ule mzito. Palipoandikwa ACHA HAPO, acha kweli.

Kuna kipimo kimoja cha kufanya kabla ya yote. Mwombe mwenzako wa meza ya pili afungue jalada lile lile kwenye kompyuta yake, kwa akaunti yake. Likifunguka kwake, shida iko upande wako: kompyuta, akaunti au ruhusa. Lisipofunguka kwake ilhali majalada mengine yanafunguka, shida iko kwenye jalada lenyewe. Kama ofisi nzima hakuna anayefungua chochote, ni mtandao au seva. Piga simu TEHAMA, usipoteze muda kuwasha na kuzima.

DALILI: Huwezi kuingia kwenye mfumo

Anza na kibodi. Taa ya Caps Lock ikiwaka, nywila sahihi inakuwa kosa. Andika nywila mahali unapoweza kuiona, kwa mfano kwenye kisanduku cha jina, uihakikishe kisha uifute. Ukikosea mara mbili, usijaribu ya tatu kwa kubahatisha. Mifumo mingi hufunga akaunti baada ya majaribio machache, na kuifungua kunahitaji msimamizi wa mfumo, ambaye siku hiyo atakuwa kwenye semina.

Sababu ya pili ni nywila iliyoisha muda wake. Hapo mfumo wenyewe huomba mpya.

Ya tatu huwachanganya watu wengi: kivinjari kinakataa kufungua ukurasa, kinasema muunganisho si salama. Kabla ya kulaumu mtandao, tazama saa na tarehe kwenye kona ya skrini. Kompyuta za mezani zilizokaa miaka kwenye ofisi zinazokatikakatika umeme huchoka ile betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, mara nyingi aina ya CR2032. Umeme ukikatika, saa inarudi miaka nyuma, na cheti cha usalama cha mfumo kinaonekana kama cha siku ambayo bado haijafika. Rekebisha tarehe, hakikisha ukanda wa saa ni wa Afrika Mashariki (UTC+3), fungua kivinjari upya. Kesho asubuhi saa ikirudi nyuma tena, omba TEHAMA wabadilishe betri, ni kazi ya dakika chache. Usibofye kitufe cha kuendelea hivyo hivyo huku onyo liko palepale.

Kama uko nyumbani au safarini, huenda mfumo wenu umefungwa usifunguke nje ya mtandao wa ofisi. Huo si ubovu.

ACHA HAPO: ukiingia na kukuta umeandikwa kuwa uliingia siku ambayo ulikuwa likizo, au kuna dokezo lenye jina lako ambalo hukuliandika. Badilisha nywila, usifute chochote, toa taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo.

DALILI: Unatafuta jalada, mfumo unasema halipo

Hii ndiyo malalamiko namba moja. Nenda nayo taratibu.

*Namba imeandikwa tofauti na unavyoitafuta.* Tuseme jalada ni FA.112/245/01. Kwenye karatasi jicho la mtunza kumbukumbu lilisamehe kila kitu: nukta iliyokosekana, nafasi iliyozidi, mkwaju (/) ulioandikwa kama kistari. Kompyuta haisamehi. Zaidi ya hapo, Windows hairuhusu mkwaju kwenye jina la faili. Kwa hiyo waliokuwa wakihifadhi nakala zilizoskaniwa kwenye folda, kabla ya mfumo kuja, waliandika FA.112-245-01, au FA 112_245_01, kila mmoja kwa mtindo wake, na majina hayo yakaingizwa yalivyo. Tafuta sehemu tu ya namba, mfano 245, kisha uchague kwenye orodha. Ukiona jalada limekaa kwa mitindo miwili au mitatu, usianze kurekebisha moja moja kimyakimya. Mkuu wa masjala achague mtindo mmoja, autangaze, ndipo yote yasahihishwe kwa mkupuo.

Hapo hapo angalia O na 0, I na 1. Mtu aliyejifunza kuchapa kwenye taipureta anaweza kuwa bado anapiga l ndogo pale panapotakiwa moja, kwa sababu mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1.

*Jina la mtu.* Majalada binafsi ya watumishi ni balaa la peke yake. Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohamedi ni mtu mmoja kwa ofisi nzima, lakini ni watu wanne kwa kompyuta. Rajab na Rajabu, Abdallah na Abdalah, Elizabeth na Elizabeti ni hivyo hivyo. Dada aliyeolewa akabadilisha jina la tatu, barua zake za zamani zitabaki kwenye jina la awali. Dawa ni kuacha kabisa kutafuta kwa jina. Tafuta kwa cheki namba, ile namba ya utumishi ya kila mtumishi, maana hiyo haina tahajia.

*Jalada lipo, ila wewe huruhusiwi kuliona.* Mifumo mingi haikuambii "umezuiwa". Inakaa kimya kana kwamba jalada halijawahi kuwepo, ili hata uwepo wake usijulikane. Muulize mtunza kumbukumbu atafute namba hiyo hiyo. Akiliona, suala ni la ruhusa na linaamuliwa na mwenye jalada au mkuu wa idara. Fundi wa TEHAMA anaweza kukufungulia kwa dakika moja, lakini si yeye wa kuamua, na fundi makini atakukatalia.

*Limefunguliwa mara mbili.* Kila masjala ina majalada ya muda: mkubwa alihitaji jalada, halikuonekana, likafunguliwa la muda, kisha la asili likaja kuonekana kwenye kabati la mtu. Sheria ya masjala ni kuyaunganisha mara moja. Ukweli ni kwamba mengi hayakuunganishwa, na siku ya kuhama yote mawili yaliskaniwa. Sasa nusu ya mawasiliano iko huku na nusu kule. Yaunganishe kwa tarehe za barua, usiyaunganishe kwa tarehe za kuskani, na acha alama kwenye lile linalofungwa inayoonyesha mambo yamehamia wapi.

*Maneno yaliyomo ndani ya barua hayatafutiki.* Barua iliyoskaniwa ni picha. Mfumo hauoni maneno mpaka picha ipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi, na programu hizo hukwama kwenye mwandiko wa mkono, mihuri iliyopigwa juu ya maandishi, na nakala za kaboni. Kwa hiyo usitegemee kwamba ukiandika "Mbagala" barua zote za Mbagala zitatokea. Kichwa cha habari kilichoandikwa vizuri wakati wa kuandikisha barua kinafaa kuliko programu yoyote. "Barua ya maombi" si kichwa cha habari. "Maombi ya ruhusa ya masomo, shahada ya uzamili, 2023/2024" ndicho.

*Orodha iliharibika wakati wa kuhamisha.* Hii haitokei mara nyingi, ila ikitokea inauma. Ofisi nyingi ziliandaa orodha ya majalada kwenye Excel kabla ya kuiingiza kwenye mfumo, na Excel ina tabia tatu mbaya. Ya kwanza, hufuta sifuri za mwanzo: juzuu 01 inakuwa 1. Ya pili, huona mkwaju ikadhani ni tarehe: folio (namba ya barua ndani ya jalada) iliyoandikwa 3/4 inageuka tarehe. Ya tatu ndiyo hatari zaidi. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, na zinazofuata inazigeuza sifuri. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ikiingizwa bila vistari, inaonekana kama 1.99E+19, na ukiipanua unakuta tarakimu tano za mwisho ni sifuri tupu. Watumishi waliozaliwa siku moja na kujiandikisha eneo moja wanaweza kuishia na namba zinazofanana.

Kuigeuza safu kuwa maandishi baada ya hapo hakurudishi kilichopotea. Rudi kwenye fomu au orodha ya asili, fungua safu kama maandishi kwanza, ndipo uingize upya.

ACHA HAPO: ukifungua jalada binafsi la mtumishi mmoja ukakuta barua za mwingine, na la pili lina za wa tatu, ujue safu imeteleza mstari mmoja. Usisahihishe kwa mkono. Mfumo usimame kutumika kwa majalada hayo hadi mtaalamu wa hifadhidata alinganishe orodha yote na rejesta ya karatasi. Kila barua mpya inayoingizwa wakati huo inaongeza fundo.

DALILI: Dokezo limetumwa, halijibiwi, hakuna anayejua liliko

Enzi za karatasi, mhudumu alizunguka ofisi kwa ofisi akiuliza nani kalikalia jalada. Sasa mfumo unaonyesha mwenyewe, na hilo si kila mkubwa amelifurahia.

Kwanza kabisa: *halikutumwa.* Liko kwenye rasimu zako. Kuhifadhi na kutuma ni vitufe viwili tofauti, na vingi vimekaa jirani. Fungua rasimu zako kabla hujamlaumu mtu.

*Limetumwa kwa mtu badala ya cheo.* Kwenye karatasi uliandika "DAHRM" au "Mkurugenzi wa Utawala", na yeyote aliyekaa kwenye kiti hicho alilipata. Kwenye mfumo, watumiaji wengi huchagua jina la mtu. Mtu akihamishwa, akistaafu au akifariki, madokezo yanaendelea kuingia kwenye kisanduku ambacho hakuna anayekifungua. Kagua historia ya jalada: mstari wa mwisho unataja nani? Kama ni mtu aliyeondoka, msimamizi wa mfumo ayahamishe yote yaliyomo, si hilo moja tu, halafu akaunti ifungwe. Orodha ya uhamisho kutoka kwa afisa utumishi inapaswa kufika kwa msimamizi wa mfumo siku ile ile barua ya uhamisho inapotoka. Ofisi ambayo haijaweka utaratibu huu itarudi kwenye tatizo hili kila mwezi.

*Bosi yuko safarini na kaimu hajakaimishwa ndani ya mfumo.* Barua ya kukaimu ipo na ubao wa matangazo unaonyesha, ila mfumo haujaambiwa. Kukaimisha ni hatua ndani ya mfumo, ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na inatakiwa ifanywe kabla bosi hajapanda gari. Asipofanya, njia ya mkato ambayo ofisi huichukua ni kumpa katibu muhtasi nywila. Nasema wazi: hilo ndilo kosa linalofanyika zaidi kuliko yote katika mwongozo huu. Idhini ya malipo ikitoka kwa jina la mkurugenzi siku ambayo mkurugenzi alikuwa angani, mkaguzi hatauliza nani alibofya. Atamwuliza mwenye jina. Na katibu muhtasi, ambaye alitii tu, atabaki hana utetezi wa maandishi.

*Bosi hasomi kwenye skrini.* Hili halisemwi kwenye mafunzo. Katibu muhtasi anaprinti, bosi anaandika kwa peni pembeni, katibu anatakiwa kuchapa maelekezo yale kwenye mfumo. Siku akiwa mgonjwa, karatasi zimejaa mezani na mfumo unasema "halijasomwa". Ukilijua hilo, usiandike malalamiko kwa TEHAMA. Nenda kwa katibu muhtasi kwa adabu, uliza rundo la leo. Kwa muda mrefu kinachosaidia ni mkubwa kufundishwa peke yake, ofisini kwake, mlango umefungwa. Wakubwa wengi hawataki kuuliza swali dogo mbele ya wasaidizi wao, na wana haki ya kusitiriwa.

*Jambo moja linatembea kwenye njia mbili.* Barua imejibiwa kwenye karatasi na imeandikiwa dokezo jingine kwenye mfumo, majibu yanapingana. Hutokea pale ofisi inapoendesha karatasi na mfumo pamoja "kwa muda" usio na mwisho. Lipi lina nguvu? Amueni tarehe moja: jalada lolote litakaloguswa baada ya hapo linaendelea kwenye mfumo tu, na lile la karatasi linafungwa kwa maandishi kwenye jalada lenyewe, "mawasiliano yanaendelea kwenye mfumo kuanzia folio 58".

*Arifa haifiki.* Angalia kama mfumo una anwani yako ya zamani ya barua pepe, kisha angalia folda ya barua taka.

*Kikumbusho kililia usiku.* Ofisa ameweka akumbushwe saa 4, akimaanisha saa nne asubuhi. Mfumo ukalia saa 4:00 alfajiri, yaani saa kumi usiku kwa hesabu zetu, naye akafika kazini akikuta arifa imezama chini ya nyingine ishirini. Saa nne asubuhi ni 10:00. Bandika karatasi yenye jedwali hilo ukutani. Ni jambo dogo, na limeshakosesha watu vikao.

ACHA HAPO: usikubali kuingia kwa akaunti ya mtu mwingine ili "ulisukume" dokezo, hata ukiagizwa kwa simu. Omba agizo liwe la kukaimishwa ndani ya mfumo.

DALILI: Nakala zilizoskaniwa hazisomeki, au kurasa zimepungua

Mstari mweusi unaoshuka kurasa zote, ilhali ukiskani kwenye kioo cha juu haupo: kuna vumbi au tone la gundi kwenye kile kioo chembamba ambacho karatasi hupita juu yake zikivutwa zenyewe. Futa kwa kitambaa laini kisicho na manyoya. Usitumie kucha.

Kurasa mbili kuvutwa pamoja husababishwa kwanza na pini za stepla na karatasi zilizoshikana kwa unyevu, kisha na magurudumu ya mpira yaliyochakaa. Toa pini, pepea karatasi, punguza rundo. Zile nakala nyembamba za kaboni usizipitishe kwenye mvuto hata kidogo. Ziweke juu ya kioo moja moja.

Kurasa zinazotoweka bila mtu kuona mara nyingi zinaliwa na mpangilio wa "ondoa kurasa tupu". Skana ikiona ukurasa uliofifia, inaudhania ni mtupu. Zima mpangilio huo kwa majalada ya zamani. Na kila jalada likimalizika, linganisha namba ya folio ya mwisho na idadi ya kurasa kwenye faili, ukikumbuka kwamba barua yenye kurasa tatu ni folio moja. Zisipolingana, rudia leo, kabla jalada halijarudi kwenye shubaka.

Kwa maandishi ya kawaida, nukta 300 kwa inchi zinatosha. Hifadhi kwa PDF/A, aina ya PDF iliyowekewa kiwango cha ISO 19005 kwa ajili ya kutunza nyaraka muda mrefu.

Kuna tatizo moja adimu ambalo kila mhasibu anapaswa kulijua. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zikibadilisha tarakimu kwenye nakala: 6 ikawa 8, na vipimo vya vyumba kwenye ramani ya jengo vikabadilika huku nakala ikionekana safi kabisa. Chanzo kilikuwa mbinu ya kubana faili ambayo huchukua alama inayofanana na kuitumia tena mahali pengine. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu. Kwa hiyo kwenye hati za malipo, mikataba na ramani, usichague kiwango cha juu kabisa cha kubana, na linganisha kurasa chache na asili kwa macho.

ACHA HAPO: karatasi zenye ukungu, zilizoloa, zilizoliwa na mchwa au zinazokatika ukizigusa haziskaniwi na mtu asiyejua. Ziweke peke yake, wasiliana na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Na kuskani jalada hakukupi kibali cha kulichoma. Chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002, nyaraka za umma haziteketezwi bila idhini ya mamlaka hiyo, hata kama stoo imejaa hadi mlangoni.

DALILI: Kupakia kunakatika katikati, mfumo mzito

Tazama ukubwa wa faili kabla ya kutazama mtandao. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300, kwa rangi, ni takribani MB 26 kabla ya kubanwa. Ukurasa huo huo kwa nyeusi na nyeupe ni kama MB 1. Mtu aliyeacha skana kwenye rangi, akaskani jalada zima kuwa faili moja, ameutwisha mtandao mzigo usio wa lazima. Tumia rangi pale rangi ina maana, kama mihuri, ramani na picha. Pakia barua moja moja, kila folio na faili lake.

Faili likiwa dogo na bado linakatika, badilisha muda. Saa tatu hadi saa tano asubuhi ofisi nzima iko kwenye mtandao. Kisha angalia kebo: chomoa, chomeka hadi isikike ikibana, jaribu tundu jingine kwenye swichi.

Ukipoteza dokezo refu kwa sababu mfumo umekutoa, ujue mifumo hukutoa usipobofya kitu kwa muda fulani, hata kama ulikuwa unachapa. Hifadhi rasimu kila aya.

Shida ikiendelea kwa watu wote kwa siku nzima, ni ya seva au mtoa huduma wa intaneti. Hakuna cha kufanya mezani kwako.

DALILI: Tarehe za barua hazieleweki

Barua ya 3 Aprili inaonekana ya Machi 4. Kompyuta imewekwa mtindo wa Marekani, mwezi kabla ya siku. Utaitambua kwa hili: tarehe za siku ya 13 na kuendelea ziko sawa, zilizogeuzwa ni za siku ya 1 hadi ya 12 tu. Tafuta barua "zilizopokelewa" kabla ya kuandikwa. Badilisha mpangilio wa kompyuta kwanza, kisha sahihisha kwa kulinganisha na muhuri wa kupokelea. Usizigeuze zote kwa fomula. Utazivuruga zilizokuwa sahihi.

DALILI: Barua imerudishwa, saini haikubaliki

Mara nyingi iliyowekwa ni picha ya saini iliyobandikwa, wakati anayepokea anataka saini ya kidijitali inayoweza kuhakikiwa. Sababu nyingine: saini iliwekwa sawasawa, kisha mtu akaongeza namba ya kumbukumbu au muhuri juu ya hati. Badiliko lolote baada ya kusaini hufanya uhakiki ukatae, na ndivyo inavyotakiwa. Namba kwanza, saini mwisho.

DALILI: Jalada la siri limeonekana kwa wasiohusika

Hapa hakuna ukaguzi mwepesi. ACHA HAPO. Usilifute, usilihamishe, usipige picha, usimtumie mwenzako kwenye WhatsApp kumwuliza "umeona hii?" Mwambie mkuu wa masjala ya siri na msimamizi wa mfumo ana kwa ana. Wao watafunga ruhusa na kutoa orodha ya waliolifungua. Likiwa na taarifa binafsi za watu, kama za afya au za nidhamu, linagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, na viongozi wa taasisi wanatakiwa kujua mapema.

DALILI: Diski inalia, au faili zote zimebadilika majina

Sauti ya kugongagonga ndani ya kompyuta au diski ya nje yenye nakala zilizoskaniwa: zima, usiwashe tena "kujaribu kidogo". Programu za kurekebisha zinaimaliza. Mpelekee mtaalamu wa kurejesha data.

Faili zikipata majina ya ajabu na skrini ikadai fidia: chomoa kebo ya mtandao, zima Wi-Fi, acha kompyuta ikiwa imewaka, usichomeke diski ya bakapu, usimjibu anayedai pesa. Piga simu mkuu wa TEHAMA; taarifa iende pia TZ-CERT, kikosi cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta. Swali litakaloulizwa kwanza ni bakapu ya mwisho ni ya lini, na la pili ni kama kuna mtu aliyewahi kujaribu kuirudisha. Ulizeni maswali hayo mawili leo, kabla hayajaulizwa na wengine.

Unapopiga simu kwa mtaalamu

"Mfumo umegoma" haimsaidii. Ujumbe wa kosa unakili herufi kwa herufi, hata kama ni wa Kiingereza, au piga picha ya skrini baada ya kuhakikisha haionyeshi yaliyomo kwenye jalada. Taarifa nzuri inaandikwa hivi:

"Leo saa 4:20 asubuhi (10:20), kompyuta ya meza ya barua zinazoingia. Jalada FA.112/245/01, folio ya 37, faili la MB 2. Nimebofya tuma, skrini imeganda dakika mbili, kisha umetokea ujumbe kwenye picha niliyoambatisha. Mwenzangu amejaribu kwenye kompyuta yake, imekuwa vivyo hivyo. Majalada mengine yanatumwa. Sijafuta wala kubadilisha kitu. Barua ya karatasi ninayo mezani."